Shahada ya Kusema na Watu

"Leo mimi ni nani?" Gideon Wasike aliuliza, sahani ya ugali ikiwa juu ya magoti yake.

"Wewe ni mfugaji wa Bisil, miaka hamsini hadi sabini, elimu ya msingi," mkewe Soipan alimjibu. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa, karatasi mkononi.

"Jana si nilikuwa kina mama?"

"Jana ulikuwa kina mama na ukalala. Kaa vizuri."

Gideon, mtu wa Webuye, mwendesha mashine katika kiwanda cha saruji, akakaa vizuri. Kwa miaka mitatu na nusu alikuwa ameshika nafasi ya umma katika sebule ile ya Kitengela. Alishakuwa vijana wasio na kazi, alishakuwa viongozi wa dini, na wiki moja nzima alikuwa mbunge, cheo alichokifurahia kwa sababu hakuhitajika kuelewa chochote. Shahada ya uzamili ya mkewe iliitwa Mawasiliano ya Sayansi kwa Umma. Kwenye tangazo ilikuwa ya miaka miwili, lakini tangazo halijawahi kumtafuta msimamizi wa tasnifu kwa simu.

Soipan alibonyeza saa ya simu, akaanza. "Maji ya kisima mnayokunywa yana madini ya floraidi kupita kiasi. Yanaharibu meno ya watoto wenu, na yakizidi yanaharibu mifupa." Akaizima saa. "Sekunde ishirini na sita. Umeelewa?"

"Nimeogopa."

"Kuogopa si lengo. Lengo ni kuelewa."

"Basi nimeelewa halafu nikaogopa. Lakini hata salamu hujanipa, mama Resian."

"Salamu inakula sekunde. Ujumbe mkuu lazima utoke kabla ya nusu dakika. Iko kwa karatasi ya alama."

Gideon akamega tonge jingine la ugali. Umma uliosoma hadi darasa la nane haubishani na karatasi ya alama.

Soipan hakwenda kusoma kwa sababu ya kupenda vitabu. Alikuwa fundi wa maabara ya kupima maji, na kwa miaka tisa alikuwa amepima visima vya Kajiado, akaandika ripoti, akazipeleka kwa wakubwa, nao wakubwa wakazifungia kwenye kabati ambako mende walizisoma kwa makini. Siku alipouliza kwa nini watu hawaambiwi, aliambiwa kwamba kuongea na wananchi ni taaluma yenye wenyewe. Akaenda kuitafuta hiyo taaluma kwa wenyewe.

Tena alikuwa na sababu nyingine, na hiyo aliibeba mdomoni. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye madoadoa na vishimo, meno ya mtu aliyekulia kwenye maji ya kisima. Alipokuwa shule ya bweni, wasichana waliotoka mbali walimwuliza kama huwa anapiga mswaki kwa majani ya chai. Tangu hapo alicheka na mkono juu ya mdomo. Dkt. Munguti, msimamizi wake, alikuwa amemwandikia kwa wino mwekundu: *Tabasamu zaidi kwa hadhira.*

Na Resian, mtoto wao wa pekee, alikuwa huko huko kwenye maji yale. Masomo yalikuwa ya jioni na Jumamosi, Gideon alikuwa wa zamu, na wasichana wa kazi watatu walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine bila kuaga. Kwa hiyo mtoto alipelekwa kwa bibi yake Bisil akiwa na miaka miwili na nusu, kwa muhula mmoja tu. Sasa alikuwa anakaribia sita. Soipan alijua kuliko mtu yeyote kwamba meno ya ukubwani hujijenga ndani ya ufizi miaka mingi kabla hayajaonekana, na kwamba maji mabaya ya miaka hiyo hayana tiba. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi yeye na Gideon walipakia mitungi ya maji yaliyochujwa na kuipeleka Bisil, na kwa simu akamwagiza mama yake: mtoto asiguse maji ya kisima. Mama yake, Florence, aliitikia "Ee." Tena Soipan akamtumia kwa WhatsApp bango alilolitengeneza darasani, lenye jino, mishale na rangi nne. Florence alilijibu kwa mikono miwili ya kuomba, na Soipan akaandika kwenye tasnifu yake kwamba ujumbe umepokelewa.

Sasa ilibaki jaribio moja la mwisho: kusimama mbele ya umma wa kweli, Dkt. Munguti akiwapo na kalamu yake. Akifaulu, anamrudisha mtoto nyumbani. Akianguka, ni mwaka mwingine mzima.

*

Umma wa kweli ulikutana katika kanisa la mabati, hatua chache kutoka kwa Florence. Walikuja watu kama arubaini, wanawake wengi na wazee kiasi, kwa sababu mtoto wa Florence ameitisha mkutano, na kwa sababu Florence aliahidi chai. Dkt. Munguti aliketi nyuma kabisa, mtu mwembamba mwenye koti la vitambaa viwikoni, kidole tayari kwenye saa ya simu.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo Soipan alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na ambalo chuo kikuu kilimsaidia kulisahau. Kwao, mtu akifika, harushi habari mbele za watu kama anayemwaga maji ya kuosha vyombo. Kuna *ilomon*. Mgeni anaketi, anasimulia habari tangu alipoondoka kwake: mvua, nyasi, ng'ombe, watoto, nani amekutana naye njiani na huyo naye alisema nini. Anayesikiliza anaitikia "ee", taratibu, ili msimulizi ajue yuko naye. Habari nzito huwekwa mwisho, wakati masikio yameshapata moto. Wanaojua kazi hiyo hawahitaji mabango, na habari ya asubuhi hufika Namanga kabla ya jua kuzama.

Soipan alisimama, akamtazama Dkt. Munguti, akaona kidole kimebonyeza.

"Maji ya borehole yenu yanaharibu meno ya watoto wenu," alisema, "na yakizidi yanaharibu mifupa."

Kisha akatabasamu, kama alivyoelekezwa.

Kanisa likawa kimya. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto alimvuta karibu zaidi. Mzee Katoo, ambaye alimjua Soipan kabla hajaota hayo meno, aliegemea fimbo yake.

"Mtoto wa Florence," alisema kwa upole. "Umetoka wapi?"

"Kitengela, mzee."

"Huko mvua iko?"

"Mzee, maswali tutachukua mwisho."

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Florence, aliyekuwa mlangoni na birika, aliinamisha macho. Soipan aliona, lakini alikwishaanza na saa ilikuwa inakimbia. Akakunjua bango. Jino lilikuwa kubwa kama mlango wa choo, mishale ikilichoma pande zote.

Aliyesimama baadaye alikuwa Parmuat, mwenyekiti wa kamati ya kisima, mtu wa miraba minne. "Hiyo borehole tulingoja miaka kumi na mbili, wewe hata hujazaliwa," alisema. "Ng'ombe zilikuwa zinaenda siku mbili kutafuta maji. Sasa umekuja kusema ni mbaya. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Ni sayansi."

"Sayansi haiwekangi mafuta kwa gari. Nani ameweka mafuta?"

"Chuo," Soipan alikiri.

"Sawa. Na hiyo chuo itatuletea maji gani?"

Soipan alikuwa na jibu. Alikuwa na jibu zuri, la maji ya mvua kwa wadogo na ya kisima kwa mifugo na wakubwa, lakini lilikuwa kwenye ukurasa wa tisa, na Dkt. Munguti alikuwa ameufuta ukurasa wa tisa kwa sababu hadhira ya kawaida hubeba ujumbe mmoja tu. "Hilo," alisema, "liko nje ya mipaka ya utafiti huu."

Basi walitoka. Hawakumtukana, maana hao si watu wa kutukana mgeni. Kila mmoja alimpa mkono na kusema *ashe oleng*, asante sana, na hilo lilimuuma zaidi. Mzee Katoo alitoka wa mwisho.

"Hata mtu akileta habari ya kifo," alimwambia, "anaanzanga na ng'ombe."

Dkt. Munguti alikuja mbele akipangusa miwani. "Excellent! Sekunde ishirini na nne. Umeona vile walinyamaza? Hiyo ndiyo attention." Akamwonyesha karatasi. Alama themanini na mbili. Alipunguza chache tu, alieleza, kwa sababu tabasamu lilichelewa.

*

Wakaenda kunywa chai kwa Florence, kwa sababu chai ya watu arubaini ilikuwa imebaki nzima.

"Mama, hii chai ni tamu sana," Dkt. Munguti alisema baada ya kikombe cha pili. Alikuwa ametulia, mtu aliyemaliza kazi. "Maji ya huku kumbe si mabaya kwa ulimi."

"Ongeza, Daktari," Florence alisema kwa fahari.

Resian akaingia akikimbia, vumbi hadi magotini. Alipoona mgeni alisimama, akamwinamia kichwa ili aguswe, kama alivyofunzwa. Dkt. Munguti akampa ngumi ya kugonga. Mtoto aliitazama ile ngumi, akaona ni mambo ya watu wengine, akaenda kwenye pipa la bluu lililokuwa kona, akachota kikombe kizima na kukimeza bila kupumua.

Soipan aliweka kikombe chake chini, akamgeukia mama yake. "Yeyo, hiyo ni maji gani?"

"Ya borehole."

"Na ile ya mitungi? Ile tunaletanga?"

"Si ndiyo hii mnakunywa." Florence alimjazia Daktari tena. "Maji safi hivyo, maji ya kutoka Kitengela kwa gari, nitampatia mtoto amwage chini akicheza? Hiyo ni ya wageni. Pasta akikuja, chifu akikuja. Wewe na Gideon mkikuja."

Soipan alikumbuka kila mwisho wa mwezi wa miaka mitatu na nusu: kushusha mitungi, kuketi kwenye kiti hiki hiki, kunywa vikombe viwili vya chai na kusifu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga. Hapa mgeni alikuja na dawa ya mtoto, akapikiwa yeye mwenyewe, akainywa na sukari.

"Nilikuambia!" alisema, na sauti ikamtoka juu kuliko inavyofaa mbele ya mama. "Nilikuambia kwa simu. Nilikutumia picha!"

"Picha gani?"

"Ya jino, Yeyo. Kwa WhatsApp."

"Kumbe ile ilikuwa ni yako?" Florence alishangaa kikweli. "Nilidhani ni mambo ya maombi, mtu anaumwa na jino. Nilitumia kikundi cha kanisa. Wote walisema amina."

Dkt. Munguti alikuwa ametoa daftari. "This is very interesting," alisema akiandika. "Very, very interesting." Kisha akaangalia saa, akasema kuna msongamano Kisaju, akaaga.

*

Gari la Daktari lilipotoweka, Soipan alimkuta mama yake nje, anachagua maharagwe kwenye ungo, mgongo wake ukiwa umeelekezwa kwake. Mgongo ule aliujua. Alitaka kueleza, akatafuta ujumbe mkuu, akaukosa. Akavuta kigoda, akaketi.

"Takwenya, Yeyo," alimwamkia.

Florence aliendelea na maharagwe kitambo. "Iko," akaitikia salamu.

Soipan akaanza. Kwa lugha yao, akaanzia alipofunga mlango wa nyumba asubuhi. Akasema Gideon ni mzima ila zamu za usiku zinamkondesha. "Ee." Akasema Kitengela ilinyesha mara moja, mvua ya kuchafua viatu tu. "Ee." Akasema karibu na Kisaju nyasi zimeanza kuwa kijivu, na kwamba aliona mbuzi wa mtu wamevuka lami bila mchungaji. Florence akauliza walikuwa na alama gani sikioni, Soipan akamwambia, Florence akasema hao ni wa fulani, amekuwa mzembe tangu aoe. "Ee," sasa akaitikia Soipan. Jua likasogea. Akasimulia maabara, na ile mashine inayosoma maji, na jinsi siku ya kwanza yalipoletwa maji ya Bisil alirudia kuyapima mara nne akidhani mashine imeharibika. Akasimulia shule ya bweni. Hakuwahi kumwambia mtu habari hiyo, hata Gideon. Akataja wale wasichana na majani yao ya chai, na muhula mzima aliokuwa akipiga mswaki kwa majivu na mchanga hadi ufizi ukatoka damu, na picha za harusi yake ambazo hakuna hata moja anacheka. Na mwisho kabisa, akiwa hana sauti, akasema meno ya Resian yanajengwa saa hii, ndani, ambako hayaonekani, na yanajengwa kwa maji ya lile pipa la bluu.

Florence hakuitikia. Mikono ilikuwa imesimama juu ya maharagwe.

"Na wewe," alisema mwishowe. "Yako ni mimi nilikunywesha."

"Yeyo, ulikuwa hujui."

"Ni mimi." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Na sasa huyu tena, ni mimi. Soipan, kwa nini hukuniambia hivi tangu mwanzo?"

"Nilikuambia."

"Uliniamuru."

Soipan alilia, kwa aibu na kwa hasira, na hakujua ni nani wa kukasirikia zaidi ya yeye mwenyewe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Yeye mamaye alimfunza vizuri, kisha akalipa karo ili afunzwe vingine.

*

Jumuiya ya kimataifa ya wasomi haina habari ya yaliyofuata, kwa hiyo nayasema hapa. Siku ya mnada Florence alienda sokoni Bisil kuuza maziwa. Akaketi na wenzake, akaanza na mvua. Alipofika kwenye majani ya chai, wanawake watatu walifunika midomo yao bila kujua. Habari ikaondoka hapo ikapanda na waliokwenda juu, ikashuka na waliokwenda Namanga. Kabla mwezi haujaisha, watu walikuwa wamefunga mifereji ya bati kwenye paa la kanisa, Mzee Katoo ametoa tangi lake, na ufunguo wa bomba la tangi alikuwa nao Florence: maji ya mvua ni ya watoto wadogo, mgeni hata akiwa askofu atakunywa ya kisima. Parmuat mwenyewe alipiga simu. Alizungumza robo saa kuhusu ndama, bei ya nyasi na goti la mke wake, na Soipan akiwa kazini akaitikia "ee" mpaka mwisho, ndipo akaulizwa kama ile mashine yake inaweza kuja kupima kisima cha upande wa pili.

Aliyaandika yote katika sura ya mwisho ya tasnifu. Sura ikarudi na wino mwekundu ukurasa mzima.

"Hakuna sampuli, hakuna fomu za idhini," Dkt. Munguti alimweleza ofisini. "Hii ni story. Soipan, tuelewane: mama yako si mbinu ya utafiti."

"Lakini Daktari, imefanya kazi."

"Ndiyo, lakini imefanya kazi nje ya mfumo."

Soipan akaitoa sura hiyo. Ningependa kusema alimtupia karatasi usoni, lakini alikuwa amemrudisha Resian Kitengela na hakutaka mwaka wa tano. Tasnifu ilifungwa kwa jalada jeusi na kuwekwa kwenye maktaba. Mende wa chuo kikuu, nasikia, ni wasomaji wazuri kuliko wa ofisini.

*

Siku ya mahafali Resian alivaa gauni la njano. Meno mawili ya chini yalikuwa yameng'oka tayari, na mahali pa moja jipya lilikuwa limeshatokeza. Soipan alikuwa amelitazama kila asubuhi kwa tochi ya simu tangu lilipokuwa ncha tu. Lilikuja na mistari myeupe kama chokaa, na katikati doa la kahawia, dogo, kama tone la chai.

Mpiga picha aliwapanga mbele ya maua: mhitimu katikati na joho lake, Florence kulia kwenye kiti, mtoto kushoto. Gideon alikuwa amebeba mikoba, nje ya picha, akiwa umma kama kawaida yake.

"Mcheke basi!" mpiga picha alisema. "Madam, toa mkono mdomoni. Na wewe msichana pia, toa mkono."

Soipan akageuka. Resian alikuwa amefunika mdomo, vidole vinne vimepangika juu, kidole gumba chini ya kidevu, kama yeye kabisa. Hakuna aliyemfundisha. Miezi michache tu kuishi na mama yake, na mtoto alikuwa ameshapokea ujumbe wote, bila bango.

Soipan akashusha mkono wake mwenyewe. "Resian, niangalie," alisema, akacheka, mdomo wazi, meno yote nje, juu na chini, na madoa na vishimo vyake. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kujilazimisha mwanzoni. Mtoto aliyatazama yale meno kwa muda, kana kwamba anayahesabu. Kisha akaushusha mkono, akacheka naye.

Picha ikapigwa. Mpiga picha akaichungulia kwenye kamera, akakunja uso kwa huruma. "Madam, usijali," alinong'ona. "Hayo meno nitayasafisha kwa kompyuta. Ya mtoto pia na ya huyu cucu kwenye kiti. Ni bure."

Nyuma yao foleni ya majoho ilikuwa ndefu. Soipan alikuwa na jibu la neno moja, na lingetoka kwa sekunde moja. Badala yake alimpa kijana mkono.

"Habari yako?" alisema. "Unaitwa nani?"

"Ndung'u."

"Kwenu ni wapi, Ndung'u?"

"Ruiru... Madam, kuna watu wanangoja."

"Ee. Na huko Ruiru, mvua imenyesha?"

Florence alijiweka sawa kwenye kiti chake, akakunja mikono. Na Gideon, ambaye baada ya miaka minne alijua angalau kitu kimoja kuhusu mawasiliano ya sayansi kwa umma, akaweka mikoba chini na kutafuta mahali pa kuketi kwenye nyasi.